Risasi ya betri isiwekwe kwenye manati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayozidi kusikika hapa Moshi, kwamba watoto wanyang'anywe manati na zote zichomwe moto. Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Pasua, na nina majaruba ya mpunga upande wa Mabogini. Gereji vijana hunijia kuomba vyuma vya kurusha. Shambani vijana hao hao ndio wanaoniamia ndege mpunga unapoanza kutia maziwa. Sitaki manati zichomwe. Nataka tuwafundishe cha kuweka kwenye ile ngozi ya manati inayobeba kinachorushwa, maana hilo hatujawafundisha na wanajifunza wenyewe, vibaya.

Lililonisukuma kuandika ni risasi, si ya bunduki, bali ile metali laini na nzito iliyomo kwenye betri za magari. Vijana wamejua kupasua betri chakavu za magari, kutoa zile sahani za ndani, kuyeyusha kwenye kopo juu ya mkaa na kumimina kwenye vishimo walivyotoboa kwenye udongo ili wapate vidonge vya mviringo. Wengine huokota vile vizito vya kubalansia matairi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, jiko la mkaa linatosha kabisa, ndiyo maana kazi yenyewe inaonekana nyepesi. Na sitawadanganya vijana wanaosoma barua hii: kwa kurusha, risasi ni nzuri. Sentimita moja ya ujazo ina zaidi ya gramu 11, wakati ya chuma haifiki gramu 8, kwa hiyo kidonge kidogo kinabeba pigo kubwa. Wanalijua hilo kwa mikono yao. Ukiwaambia "hiyo haifai" bila kuwaeleza kwa nini, hawatakusikiliza.

Sababu ni kwamba risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Inaharibu ubongo wa mtoto ambao bado unakua, inaharibu damu na figo, na mwili wa mtoto mdogo huifyonza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima akiimeza. Haihitaji kumezwa kidonge kizima. Vumbi la zile sahani, moshi wa lile kopo, vidole vilivyoshika vidonge kisha vikashika ndizi ya kuchoma, vyote ni njia. Nimewaona vijana wakiviweka vidonge shavuni, kama pipi, ili mikono ibaki huru kuvuta mpira. Nilipowaona hivyo nilisimamisha kazi niliyokuwa nayo mkononi. Ongeza na tindikali iliyomo kwenye betri, inayounguza ngozi na macho. Na ndege aliyepigwa kwa risasi akabanikwa, nyama yake inaweza kuwa na vipande usivyoviona.

Mzazi, ukikuta kopo jeusi lenye utando wa rangi ya fedha nyuma ya jiko lako, ujue watoto wanafanya nini. Usilioshe kwa maji uwanjani wanapochezea wadogo. Lifunge kwenye mfuko, litoe hapo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Mawe na gololi za kioo nitapita haraka. Kokoto ya mto Karanga au Njoro huonekana laini, lakini hakuna mawe mawili yenye uzito mmoja wala umbo moja, kwa hiyo kila mrusho ni mpya na mkono haujifunzi kitu. Jiwe lenye kona hukata ngozi, hutoka likiyumba, na likitoka vibaya linagonga panda au kidole gumba cha aliyeishika. Kioo kinaruka vizuri kwa kuwa ni duara, ila kikigonga jiwe kinapasuka, na vipande vinabaki shambani ambako sisi tunatembea pekupeku na ng'ombe wanapita. Kwenye majaruba yangu nimepiga marufuku kioo.

Kwa kuamia ndege hakuna kinachoshinda udongo. Udongo wetu wa majaruba ya chini, ule mweusi unaonata, ukiuchanganya na mchanga laini kidogo hautapasuka ukikauka. Finyanga vidonge kwa viganja, vilingane, ukubwa wa tunda dogo la mzambarau. Kosa ambalo wengi hufanya ni kuvianika juani moja kwa moja: nje inakauka na kusinyaa wakati ndani bado mbichi, kidonge kinapata ufa. Viweke kivulini kwanza, siku mbili tatu, juu ya gunia, ukivigeuza. Jua lije mwisho. Kidonge kilichokauka sawasawa kinaruka moja kwa moja na kikigonga kitu kigumu kinasambaratika, hakikurudii. Kikianguka kwenye maji kinarudi kuwa tope. Chuma kilichopotea kwenye jaruba hakiozi upesi, na siku mashine ya kuvuna inapopita kinaweza kuingia ndani yake.

Na kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaoshambulia mpunga kwa makundi, huhitaji kuwaua hata mmoja. Tundika madebe matupu kwenye miti pembeni mwa shamba na waambie vijana walenge madebe. Kidonge cha udongo kikipiga debe, kundi zima linainuka. Mtoto anapata shabaha, mpunga unapona, na huna ndege waliojeruhiwa wanaotapatapa kwenye maji.

Sasa chuma, na hapa naomba nivumiliwe kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kwa mazoezi ya shabaha ya kweli, yule kijana anayetaka kujua kama leo amelenga vizuri kuliko jana, gololi za beringi, zile zinazozunguka kati ya ringi mbili za chuma, ndizo zinazofaa. Ni duara kamili, zinalingana uzito, na akikosa anajua amekosa yeye, si gololi. Tatizo ni kwamba wanachukua yoyote wanayoipata. Gololi za ekseli ya nyuma ya baiskeli zina milimita 6.35 na uzito wa gramu moja hivi. Kwa manati ya mpira wa tyubu hizo ni nyepesi mno. Tyubu nyingi za magari siku hizi ni za mpira unaorudi polepole. Ukiupa gololi nyepesi, gololi haiwezi kwenda haraka kuliko mpira wenyewe, na nguvu iliyobaki inakwenda wapi? Inarudi na mpira na kukucharaza vidole. Kijana akilalamika kuwa manati yake inampiga mkono, mara nyingi haina ubaya wowote, amebeba gololi ndogo kuliko mpira wake.

Kila beringi ina namba ya saizi yake. Namba 6204 na 6205 nyingi zina gololi za milimita 7.9, gramu mbili. Hizo zinatosha kwa mpira mwembamba wa baiskeli na mtoto mwenye mkono mdogo. Beringi 6206 ina gololi 9 za milimita 9.5, kila moja gramu tatu na nusu, na hiyo ndiyo ninayoipenda kwa tyubu ya gari iliyokatwa upana wa kidole. Nzito kiasi cha kutuliza mpira, nyepesi kiasi cha kwenda bila kupinda sana. 6207 ina za milimita 11, zaidi ya gramu tano, na kwa mpira wa kawaida zinaanza kuchoka njiani na kushuka. Kijana achague ukubwa mmoja akae nao. Akichanganya ukubwa leo hivi kesho vile, hatajua alenge juu kiasi gani.

Kuzitoa kwenye beringi si kupiga nyundo. Chuma cha beringi kimekazwa kwa moto, kikipigwa kinaweza kuruka vipande vyenye makali, na nimeona fundi mzima akipoteza siku hospitalini kwa kipande kidogo. Ibane kwenye jiliwa, yaani vaisi, vaa miwani ya kinga, kata ribiti za lile bati jembamba linalozishikilia gololi nafasi zake, kisha zisukume gololi zote upande mmoja. Ringi ya ndani itachomoka yenyewe. Osha kwa dizeli, futa, paka mafuta kidogo zisishike kutu. Kazi hii aifanye mtu mzima.

Chuma kina ubaya mmoja mkubwa: hakivunjiki, kwa hiyo kinarudi. Usikilenge kwenye ukuta, jiwe, mti mgumu wala debe. Tengeneza boksi la mbao lililo wazi mbele, ndani tundika blanketi kuukuu mara mbili au tatu, likining'inia bila kukazwa, na mbele yake kopo au kizibo cha soda kwenye uzi. Blanketi lililokazwa linairudisha gololi, linaloning'inia linaimeza na kuidondosha chini ya boksi. Zile zilizokwenda pembeni unaziokota kwa sumaku ya spika iliyokufa, ukiifunga kwenye kamba na kuiburuta juu ya nyasi. Na kila aliyepo, anayerusha na anayetazama, awe na miwani. Jicho likipigwa, msilisugue wala kulikandamiza. Likingeni kwa kitu kama kitako cha kikombe kisichogusa jicho lenyewe, na mwende hospitali saa hiyo hiyo. Tuna bahati hospitali ya KCMC iko jirani na ina idara ya macho.

Wapo watakaoniuliza habari ya kuwinda, maana ndiyo hamu ya wengi. Nchini mwetu wanyama na ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda kunahitaji leseni. Manati mfukoni si leseni. Msitu wa Rau, hapo mjini tu, ni hifadhi, na mbega wake si shabaha ya mtu. Juu huko ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kijana anayekwenda huko na manati anajitafutia kesi na anaumiza viumbe wasio na kosa.

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria inaruhusu manati kwa sungura na kindi, na wanaofanya hivyo hutumia chuma cha milimita 9.5 hadi 12.7 na mpira wenye nguvu, kwa karibu, wakilenga kichwa peke yake. Nalieleza hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo vijana wetu hawalifikirii. Gololi ya manati haikati kama mshale, inaua kwa kishindo tu. Ikipiga bawa au tumbo, mnyama anaondoka na maumivu na anakwenda kufa mahali usipopaona. Gololi ya baiskeli kwa tetere ni ukatili, hata pale ambapo sheria ingeruhusu. Asiyeweza kupiga kizibo cha soda kwa hatua kumi, mara kwa mara bila kukosa, hana haki ya kuelekeza manati kwa kitu chenye uhai.

Nina ombi kwa mafundi wenzangu wa Pasua, Njoro, Majengo, na wa Arusha pia kule Unga Limited na Kilombero. Betri chakavu zifungiwe ndani na ziuzwe kwa wanaozichukua kwa utaratibu, zisilale nje ya uzio. Vizito vya matairi viokotwe sakafuni kila jioni. Mtoto akija kuomba risasi, msimpe, na msimfukuze pia, kwa sababu ataipata kwingine. Mpeni chuma.

Mimi beringi za 6205 na 6206 zilizokufa naziweka kwenye ndoo karibu na mlango wa gereji. Mzazi aje na mwanawe, waje na miwani, nitazifungua mwenyewe na kuwapa bila malipo, pamoja na kipande cha tyubu kinacholingana nazo. Jumamosi mchana nakuwa na nafasi zaidi.

Wako msomaji,
Fundi wa magari,
Pasua, Moshi