Adui wa makaa ya choo ni mchanga, si harufu

Kwa Mhariri,

Makaa ya kinyesi, yaani tope la choo lililokaushwa, likachomwa, likasagwa na kufinyangwa madonge, yakitajwa, mjadala huishia puani: je, ugali hautanuka? Hautanuka. Tope likishachomwa kwenye pipa lisilopitisha hewa, kwenye nyuzi 300 hivi, vinavyonuka vimekwisha kutoka na moshi, na hakuna yai la mnyoo linalobaki hai. Kaunti zinazotaka kuiga Nakuru, ambako kampuni ya maji ya mji imekuwa ikitengeneza makaa haya, afadhali zihofie maji na mchanga.

Lori la lita 10,000 lililonyonya tangi la maji taka huenda likawa na asilimia 2 tu ya vitu vikavu, yaani kilo 200, na zikichomwa hubaki nusu au zaidi kidogo. Anayedhani atalikausha tope hilo kwa kuni au stima apige hesabu. Kilo 1 ya tope kavu ina joto la megajuli 17 hivi. Kuvukiza kilo 1 ya maji kunakula zaidi ya megajuli 2, na hapa kila kilo kavu imebeba kilo 49 za maji. Ni jua tu linalofanya kazi hiyo bila kudai malipo. Kwa hiyo maji huachwa yachuje kwenye vitanda vya mchanga na kokoto, kisha tope huanikwa chini ya paa la nailoni wiki mbili hadi tatu, likipinduliwa. Pasipo paa, mvua ya usiku mmoja inakurudisha mwanzo.

Vitanda hivyo ndivyo vinavyoleta balaa la pili. Kibarua akikwangua tope hadi chini, anazoa na mchanga. Ongeza udongo wa mashimo yasiyojengewa kuta, na majivu ambayo watu humwaga chooni kukata harufu. Vyote haviungui. Chukua kilo 100 za tope kavu, 30 kati yake zikiwa mchanga na majivu. Choma, kilo 40 ziende na moshi: zimebaki 60, na nusu yake haiwaki. Ukizidisha moto hadi nyuzi 600 ukidhani unaboresha makaa, unazidi kupoteza kile kinachowaka.

Mpishi huligundua hilo mapema kuliko maabara. Donge linavaa gamba la kijivu, ndani bado jekundu, na sufuria haichemki mpaka jivu lipukutwe. Maharagwe yataiva, kwa subira. Chapati, sahau.

Dawa inayojulikana ni unga wa mbao, nao uchomwe kwanza kuwa makaa. Ukichanganya zile kilo 60 za tope lililochomwa na 60 za makaa ya unga wa mbao, majivu yanashuka kutoka nusu hadi zaidi kidogo ya robo. Ila kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: tabaka jembamba la mwisho liachwe kitandani, na nepi na sodo zinaswe kwenye nondo za mlangoni kabla lori halijamwaga, kwa maana plastiki ikifika kwenye pipa ni moshi wa sumu. Kila shehena ipimwe: gramu 100 za unga mkavu wa makaa zichomwe wazi kwenye bati hadi weusi uishe, kisha jivu lipimwe. Likizidi gramu 40, unga huo haujafaa kuuzwa. Urudi kwenye mchanganyiko.

Kuhusu gundi, wanga wa muhogo uliopikwa uji, kilo 4 au 5 kwa kila 100 za unga, unatosha. Molasi ni rahisi kupata, lakini inatakiwa zaidi, na hutoa moshi wakati wa kuwasha. Madonge yakaushwe kivulini kwanza. Yakianikwa juani mara moja hupasuka.

Majirani zetu wa Naivasha waliwahi kutumia vioo vya jua kukipasha kinyesi joto na kuua vimelea bila kukichoma. Njia hiyo inafaa kinyesi kibichi cha vyoo vya kuhamishika, ambacho hakijaona mchanga. Kwa tope la shimo haisaidii, kwa kuwa mchanga unabaki palepale.

Jambo la afya linalosahaulika ni koleo. Kuanika peke yake hakuui mayai ya minyoo, kwa hiyo koleo la tope lisiguse makaa yaliyokwisha kuchomwa. Lipakwe rangi nyekundu na libaki upande wake wa ua. Na jikoni dirisha liwe wazi, kwa kuwa makaa haya, sawasawa na makaa ya miti, hutoa ile hewa ya sumu isiyonuka.

Wasomaji wenu,
Nakuru