Gabbar alikufa au hakufa?

Unguja

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Barua yako imefika, nimeisoma huku nacheka peke yangu mpaka watoto wakaniuliza kulikoni. Eti mimi siwezi kuangalia picha isiyo na kilio! Sikatai. Ila lawama mpelekee bibi yangu, Mungu amrehemu.

Bibi alikuwa mtu wa sinema tangu enzi za maonyesho ya wanawake peke yao, ukumbi mzima mabuibui. Picha yake ilikuwa Mother India, ile ya mwaka 1957 ya Nargis. Kihindi hakujua hata cha kuombea maji, lakini alitusimulia mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo akaimba kwa maneno ya kujitungia. Akifika pale mama anapompiga risasi mwanawe wa kumzaa, ananyamaza kidogo, halafu: "Mimi ningemficha uvunguni." Basi nikakua nikijua kwamba picha ni kesi, ikiisha kila mtu atoe hukumu yake.

Mama na baba walikuwa na kesi yao ya Sholay, picha nyingine ya Kihindi. Mama aliiona Majestic, pale Vuga, kabla hajaolewa. Baba aliiona miaka mingi baadaye kwa jirani aliyekuwa na deki. Mama anasema Gabbar Singh, yule jambazi, mwishoni alikamatwa na polisi. Baba anasema la, Thakur, adui yake, alimmaliza kwa miguu, kwa viatu vya misumari, maana Gabbar alishamkata mikono. Ubishi huo ulifika mpaka kwenye harusi za watu, baba akidai mama alisinzia ukumbini.

Kumbe wote walikuwa sahihi! Ramesh Sippy, mwongozaji, alimaliza picha kwa Thakur kumuua adui yake. Lakini mwaka 1975 India ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona mtu, tena aliyewahi kuwa ofisa wa polisi, akijichukulia sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaingizwa. Ule wa kwanza ukaja kuzagaa kwenye kanda za video. Nikampigia mama simu kumpa habari. Akasema, "Basi baba yako aliangalia ya magendo."

Sasa wewe. Wewe huko Mwanza umelelewa na kaka zako kwenye kibanda cha video, mmebanana kwenye benchi, picha za ngumi za Hong Kong, sauti ya mtafsiri iko juu kuliko ngumi zenyewe. Ndiyo maana steringi akianza kuimba wewe unakwenda jikoni. Na ndiyo maana unamsifia Lufufu, yule mtafsiri wenu wa picha, mpaka leo. Mimi sikumuweza yule bwana. Adui hajawaza, yeye keshakwambia anachowaza. Ingawa nikifikiri vizuri, bibi naye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, bila spika tu.

Lakini hiyo kauli yenu kwamba steringi hafi, hapana, shoga. Hiyo mmefundishwa vibandani. Kwetu, kwenye Sholay, steringi Jai kafa, tena kachezwa na Amitabh Bachchan mwenyewe, na mama hajamsamehe mtu mpaka kesho. Siku ile alirudi nyumbani akalala bila kula, bibi akadhani anaumwa.

Binti yangu mkubwa ameangukia tamthilia za Kikorea, simu mkononi, spika masikioni. Nikimuuliza yule kijana analia nini, ananijibu, "Mama, si usome maandishi hapo chini?" Nimemwambia katika ukoo huu hatusomi, tunasimuliana.

Ukija Idi tutaanza na picha yako, ya ngumi hiyo hiyo. Ila mama atakuwepo, kwa hiyo jiandae kuulizwa katikati ya mapigano huyu ni mtoto wa nani na wanagombania nini.

Nisalimie shemeji na watoto. Na dagaa wangu usiwasahau.

Wako,
Mama Nasra