Ondoeni makazi kwenye fomu za kazi

Mhariri,

Mimi ni afisa utumishi. Kazi yangu kubwa ni kupitia maombi ya kazi na kukaa kwenye usaili, na ninaandika kuhusu mstari mmoja tu wa fomu: mahali anapoishi mwombaji.

Nimewasikia wajumbe wa jopo wakiusoma mstari huo kwa sauti, wakatazamana, kisha swali la kwanza likawa, "Huko mnaishije?" Mtu hajaulizwa hata amesomea nini. Anayetoka mtaa wenye jina zuri haulizwi hivyo. Huyo akichelewa, amepatwa na dharura. Mwenzake wa mtaa wenye jina baya akichelewa dakika zilezile, ndivyo walivyo watu wa huko.

Wapo wanaosema jina baya halikuja hivihivi. Sikatai kwamba ipo mitaa yenye wizi mwingi. Lakini anayeibiwa zaidi huko ni nani kama si mkazi wa hukohuko? Tunamhesabia kama kosa janga analoishi nalo.

Tena macho yetu si ya kuaminika kama tunavyodhani. Mwaka 1995 watafiti walipita na gari lenye kamera za video katika mitaa ya Chicago, Marekani, wakirekodi takataka, maandishi ya ukutani na majengo yaliyotelekezwa. Robert Sampson na Stephen Raudenbush wakalinganisha rekodi hizo na maelezo ya wakazi wenyewe. Matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba watu walisema wanaona fujo za aina hiyo zaidi palipokuwa na weusi na maskini wengi, hata pale ambapo kamera haikukuta tofauti yoyote. Wakazi weusi nao walikuwa na mtazamo huohuo. Jambo hilo linanisumbua sana, kwa sababu maana yake ni kwamba kumweka kwenye jopo mtu aliyekulia mtaa kama huo hakutoshi.

Sifa hizi za mitaa hubandikwa na watu. Mwaka 1889 Charles Booth, mtafiti wa maisha ya watu wa London, alichapisha ramani ya umaskini ya London, kila barabara na rangi yake. Nyeusi ilikuwa ya tabaka la chini kabisa, ambalo aliliita la waovu na nusu wahalifu. Barabara nzima, watoto wachanga wakiwemo! Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba nalo lilipaka mitaa rangi, nyekundu ikiwa alama ya hatari, na miongoni mwa vigezo vyake ilikuwa rangi na asili ya wakazi.

Ufaransa mwaka 2014 iliongeza makazi kwenye orodha ya mambo ambayo sheria inakataza kumbagua mtu kwayo. Ninachowaomba waajiri ni kidogo kuliko hicho: mstari huo uondoke kwenye fomu ya maombi. Kumwita mtu kwenye usaili, simu na barua pepe zinatosha. Anwani ichukuliwe siku ya kusaini mkataba. Na mwajiri anayehofia umbali aulize swali lenyewe: utaweza kufika kazini kwa saa inayotakiwa?

Afisa utumishi