Barua kwa mdogo wangu aliyerudi kwenye kiti cha meno

Mdogo wangu,

Mama ndiye aliyeniambia umeanza kazi tena, huko Mwanza. Alipiga usiku, akazunguka kwanza kwenye habari za mahindi na mguu wa baba, ndipo akalitoa. Nimefurahi, tena sana. Ningekupigia mwenyewe kama usingenifungia simu na WhatsApp, kwa hiyo vumilia, nakuandikia mbele za watu.

Kwanza shingo. Ulipokuwa kwangu ulifanya kazi kama mtu anayechungulia kisima. Pandisha kiti mpaka mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako, kisha mgeuze kichwa yeye, usijikunje wewe. Kila mgonjwa akitoka, simama, nyoosha mgongo, kunywa maji. Najua benchi limejaa. Benchi halijawahi kuisha tangu nianze kazi.

Jino gumu usilipange saa nane mchana na hujala. Gego la mwisho la chini, piga eksirei kwanza. Palipo na usaha tishu huwa na asidi, na ganzi haishiki vizuri hata uongeze vipi. Choma ganzi kando ya mshipa wa fahamu, mbali na uvimbe, au toa usaha, mpe dawa, arudi baada ya siku chache. Vuta bomba kidogo uone kama damu inaingia, sukuma polepole, halafu subiri. Kusubiri ndiko hukujui. Kwa watoto piga hesabu kabla hujashika sindano: katriji, kile kichupa cha ganzi ya lignokeini asilimia 2, yenye mililita 1.8 ina miligramu 36 za dawa, na mtoto wa kilo 15, kwa kiwango cha juu cha miligramu 4.4 kwa kilo, hafikishi katriji mbili.

Ukijichoma sindano osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kaanze PEP, dawa za kuzuia VVU, mapema, zisipite saa 72. Wewe ulijichoma ukanyamaza mpaka jioni, nikakukokota mwenyewe kwenda kupimwa. Hili mama halijui, na asilijue.

Sasa nije kwenye lile.

Umewaambia watu nilikunyang'anya koleo mbele ya mgonjwa. Niliweka mkono, ukaliachia. Yule mama alikuwa amekushika kifundo cha mkono, machozi yanamtiririka yanaingia masikioni kwa vile alivyolala, nawe unamwambia "vumilia kidogo" na sauti imeshapanda. Kichwa cha jino kimekatika, mizizi yote miwili imebaki. Nilichosema ni "nipishe." Ulitaka nitoe hotuba, mtu yuko kinywa wazi? Nikaongeza ganzi, tukasubiri, nikaitenganisha mizizi kwa mashine, ikatoka mmoja mmoja. Ungetazama ungejifunza. Lakini ulivua glovu ukazirusha, moja ikaning'inia ukingoni mwa ndoo, ukapita mbele ya wagonjwa wote na miwani usoni. Hukugeuka. Nesi alinitazama nikakosa la kumwambia.

Kukatika kwa jino hutokea kwa kila mmoja wetu. Kumwacha mgonjwa kitini, hapana. Hilo nimeshindwa kulisamehe, na nimejaribu.

Unasema pia kwamba uliponiambia mikono inatetemeka nilikujibu ukalale. Ndiyo, nilikujibu hivyo, kwa sababu ulikuwa hulali! Na mimi wakati huo nilikuwa nakwenda kwa daktari wa afya ya akili kila mwezi. Sikukwambia kwa kuwa nilikuwa mkubwa wako kazini, na mkubwa hamwagii mdogo mizigo yake. Tunashinda tumewainamia watu wanaotuogopa. Mtu anakushukuru mlangoni na papo hapo anaapa hatarudi. Hiyo hofu yao unaibeba kwenda nayo nyumbani. Ukijikuta unatamani mgonjwa fulani asije, au bia ya Ijumaa imeanza kuhamia Jumatano, usingoje mikono itetemeke tena. Hata hapo hospitali ya Bugando wapo wa kukuona.

Na uwe na mwenzako wa kumpigia jino linapokukatikia, saa ileile, kabla hujaanza kutoa jasho. Kipande kidogo cha mzizi kisicho na usaha, kilichokaa karibu na mshipa wa fahamu, kinaweza kuachwa, mradi umwambie mgonjwa na uandike kwenye faili. Mtu wa kukwambia hivyo kwa simu ulikuwa naye, ukamfungia.

Yule mama alirudi kutolewa nyuzi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Akauliza yule daktari kijana yuko wapi, maana alikuwa mpole mwanzoni kabla mambo hayajaharibika. Nikamwambia umekwenda masomoni. Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako, na bado unawaambia watu sikukutetea.

Dada yako.