Mayai matano ya mnada

Moshi, Jumatatu usiku

Shoga yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Najua nimechelewa kukujibu kuhusu ahadi yako ya jengo la kanisa. Uliniuliza kama milioni 2 si nyingi mno kwa mtu ambaye bado analipa mkopo. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, limejaa mistari. Jana likaniharibikia.

Somo la jana lilikuwa la yule mjane wa senti mbili, Marko 12. Unajua linavyohubiriwa: mjane katoa riziki yake yote, wewe mwenye mshahara unashindwa nini? Tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka tumeshalainika. Ukanadiwa mkungu wa ndizi, yakaja maziwa, akaja jogoo aliyefungwa miguu, halafu mzee wa kanisa akainua kifuko cha mayai matano. Akaanzia 2,000. Watu wakacheka, wakaanza kupandishiana. Nami unanijua nikishatazamwa: nikafika 30,000. Mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu, vigelegele! Nikauliza nani kaleta mayai, nikaonyeshwa kwa kidole. Ni yule mama anayenipalilia kihambani, shamba langu la nyumbani. Alikuwa anapiga makofi kama wengine.

Shoga, yule mama ananidai ujira wa siku nne. Shilingi 24,000. Nilimwambia avute subira mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha. Wala sikuwa nimeishiwa. Kila nikiishika ile hela naona ina kazi nyingine ya haraka zaidi, kwa kuwa yeye hapigi kelele.

Nikarudi nyumbani nikafungua tena Marko. Kisa cha mjane kinaanzia mstari wa 41. Katika wa 38 hadi wa 40, ambayo jana haikusomwa, Yesu anawasema waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaopenda mavazi marefu na salamu za masokoni, wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu ili waonekane. Mjane anaingia hapo hapo. Miaka yote nimesikia habari zake kama somo la sadaka, na sikuwahi kujiuliza nani alimfikisha kwenye senti mbili. Nikakumbuka na Walawi 19, kwamba ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Wake umelala kwangu wiki sita.

Basili wa Kaisaria, mmoja wa mababa wa Kanisa, huko ambako leo ni Uturuki, alihubiri karne ya 4 kwamba mkate uliouficha ni wa mwenye njaa, na viatu vinavyokuozea ndani ni vya asiye na viatu. Hapo nilitazama kabati langu la viatu nikalifunga. (Usicheke, lako ni kubwa kuliko langu.) Na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyejificha, mwaka 1970 aliwaendea masista wa Maryknoll kule New York akawaambia kuwa Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini, dini itageuka ushirikina wa watu waoga. Zamani niliyachukulia maneno hayo kuwa siasa, mambo ya wakubwa na serikali zao. Kumbe mfumo wenyewe unaweza kuwa na kihamba cha nusu eka na daftari la vibarua lisilofunguliwa.

Sisemi mali ni dhambi. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, nusu nyingine akabaki nayo, na Yesu akashinda kwake. Ila alitaja pia wale aliowadhulumu, kwamba atawarudishia mara nne. Sisi tumeipenda sana ile nusu ya maskini, maana hiyo hupigiwa makofi.

Leo asubuhi nilimpelekea hela yake. Mara nne sikuweza, niliongeza kidogo tu. Akahesabu, akanirudishia ile ziada, akasema: "Mama, hii si yangu." Nikabaki nayo mkononi kama mtoto aliyekosea duka. Kisha akanikaribisha chai.

Sasa kuhusu milioni 2 zako: sijui, shoga. Yule dada wako wa kazi umemlipa mwezi huu?

Msalimie shemeji na watoto. Waambie mayai yapo, waje likizo.

Ni mimi, mwenzako wa sauti ya pili.