Mama, Karamu Zetu Hazili Mtaji

Leicester, Uingereza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya kukuamkia wewe, Baba na Shangazi, natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, kama sisi huku tulivyo wazima, mimi, baba Salma na watoto. Kaka amenifikishia ujumbe wako kwamba picha mnazopokea kwenye simu zinaonyesha nyumba yetu imejaa watu na sinia zimejaa chakula, na kwamba unahofu tusije tukala mtaji tukasahau kodi ya nyumba. Hofu yako ni ya haki, kwani maisha ya hapa hayana mzaha, na bili za gesi na umeme peke yake zinatosha kumtia mtu adabu. Ndiyo maana nimeona nikueleze kwa kirefu karamu hizo zinavyoandaliwa, ili ujue kwamba kwa watu kumi hatuvuki pauni 25, fedha ambazo watu wawili wakiingia nazo mkahawani hutoka kwa shida.

Kila mwezi tunachagua Jumamosi moja, tukaipa mji au nchi, na kila kinacholiwa usiku huo hutoka huko. Wengi hudhani mpango wa namna hii ni wa madaha na kwamba unaongeza gharama, lakini mimi nimeuona ukizipunguza. Mwenyeji anayealika bila mpango hutaka kumridhisha kila mgeni, akampikia huyu pilau, yule kuku wa kupaka, watoto tambi, na mwishowe anabaki na masufuria sita jikoni na viporo visivyopatana. Aliyetangaza mapema kwamba leo ni usiku wa urojo, hapana mtu atakayemuuliza biriani iko wapi.

Usiku wa urojo wa Unguja ndio ninaoupenda kuliko wote, na ndio ninaomshauri kila anayetaka kuanza. Rojo lenyewe ni unga wa ngano, maji, binzari, chumvi na kitu cha kutia ukali. Unga huwa nauchekecha kwanza, nikaukoroga kwa maji baridi mpaka madonge yaishe, ndipo nauweka motoni na kuendelea kuukoroga bila kuuacha mkono, hadi ushike mgongo wa upawa. Embe mbichi zinapatikana katika maduka ya Wahindi ya Belgrave Road, lakini zikiwa ghali naziacha na kutumia ukwaju wa donge, na sijasikia mgeni akilalamika. Bajia nazikaanga kwa unga wa dengu, viazi nachemsha sufuria kubwa, mayai nakata nusu nusu, na muhogo, ambao hapa huuzwa ukiwa umemenywa na kugandishwa, nauparua chipsi nyembamba za kunyunyizia juu. Nyama pekee inayoingia ni mishkaki ya mapaja ya kuku, iliyokatwa midogo na kulazwa usiku kucha katika tangawizi, thomu na ndimu. Bakuli la urojo hujazwa na viazi na bajia kabla mshikaki haujafika, hivyo mgeni hushiba bila kuhesabu vipande vya nyama. Tena kila mmoja hujipakulia pilipili na chatne ya nazi kwa kiasi anachokitaka mwenyewe, na kazi hiyo ya kujitengenezea bakuli huwachangamsha hata wale wasiojuana.

Fedha hatuchangishani. Tunakula bia, yaani kila mmoja analeta kitu chake, kama mlivyokuwa mkifanya wewe na wenzako, ila mgeni hapewi uhuru wa kuleta chochote kinachomjia kichwani. Nikimwalika mtu namtajia kabisa: wewe chatne, wewe ndimu na pilipili, wewe maji ya ukwaju. Kukosa kutaja ndiko kunakoleta mikate saba na soda kumi na mbili, kila mtu akidhani mwenzake ndiye atakayeleta mboga.

Tuna marafiki kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, nao wakawa wenyeji wetu wa usiku wa Kivu, eneo lao: sombe, bugali (ugali wao) na samaki wadogo wakavu wa kukaanga, wasio mbali sana na dagaa wetu. Sombe, yaani kisamvu, hupatikana madukani ikiwa imetwangwa na kugandishwa katika vifurushi vya bei nafuu, lakini lazima ichemshwe muda mrefu kwa sababu ya sumu ya asili iliyomo katika majani ya muhogo, na hapo ndipo gesi inapokula akiba yote ya sokoni. Kwa hiyo mama wa Bukavu alipika vifurushi vyake vyote kwa mkupuo mmoja, nusu tukaila usiku ule kwa mawese, na nusu akaigandisha tena nyumbani kwake kwa ajili ya siku nyingine.

Usiku wa bei ndogo kuliko yote, hata hivyo, tulifundishwa na jirani yetu mzee wa Kigujarati, aliyezaliwa Jinja na kufukuzwa Uganda mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Alitupikia kichri ya mchele na choroko, pamoja na kadhi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, iliyotiwa bizari nzima na majani ya mchuzi, na watu kumi walikula kwa chini ya pauni 10. Anapenda kusimulia kwamba mwaka ule Baraza la Mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda likiwasihi watu kama yeye wasije hapa. Walikuja, na leo unga wangu wa dengu na binzari yangu natoa katika maduka yao.

Majirani Waingereza nao hatuwaachi nje. Jumanne ya kabla ya Kwaresma wao hupika chapati za maji, desturi iliyotokana na kumaliza mayai na mafuta kabla ya mfungo, nasi tukaungana nao kwa unga, mayai na maziwa tu, wao wakitia ndimu na sukari, sisi tukitia tui na iliki.

Mapambo sinunui. Maduka ya hapa huuza sahani za karatasi, bendera na taji za kila sherehe, na kwa maoni yangu huko ndiko fedha za wengi zinakopotelea. Viti vyetu ni vinne, basi tunatandika mkeka na kanga ulizonipa, watu wakakaa chini wakazunguka sinia. Kuku na mboga nazifuata jioni, dukani wanapobandika lebo za njano za bei iliyopunguzwa, nikazigandisha siku ile ile, lakini samaki wa lebo ya njano simgusi.

Mwezi ujao tumepanga usiku wa Kimanga, yaani wa Kiarabu, na nimekusudia kupika bokoboko la ngano na nyama, kwa kuwa ngano hulikuza pande dogo la nyama likatosha watu wengi. Naomba Shangazi anieleze kwa kila kibaba cha ngano anatia kuku kiasi gani, na kama ngano huilowesha tangu usiku au asubuhi yake. Pia, mtoto wa mama mkubwa atakapokuja mwezi huo, nifungieni iliki na pilipili manga za kutoka Amani, milimani Usambara, kwani kipakiti kidogo cha iliki hapa kinanigharimu kuliko viazi vya karamu nzima. Ndimu msihangaike nazo.

Baba Salma na watoto wanakuamkia.

Mwanao akupendaye,
Zuhura