Subaru ya turbo, spana ya nyumbani, na bili unayosema umepigwa

"Nimepigwa." Neno hili linafika kaunta ya gereji yetu mara nyingi kuliko tunavyopenda. Safari hii mteja ameuliza iweje plagi nne za Subaru Forester turbo zitozwe ufundi wa saa moja na nusu, wakati kwenye Corolla ya mkewe fundi wa mtaani alimaliza kabla soda haijaisha. Ni swali la haki. Ngoja tulijibu, na hapohapo tueleze na yale ambayo hayajaulizwa, maana hayo ndiyo hasa yanayokuza bili.

Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili zinatazama kulia, mbili kushoto, kwa hiyo plagi haziko juu ambapo mkono unafika. Ziko ubavuni, zimeelekea chasisi, na nafasi iliyobaki katikati haitoshi ngumi. Upande wa dereva unatoa boksi la filta ya hewa na bomba lake. Upande wa abiria unatoa betri na tangi la maji ya waipa. Baada ya hapo ni koili inayoipa plagi umeme, kisha soketi ya 16 yenye mpira ndani, ambayo unaiingiza kwanza peke yake, halafu ekstensheni fupi, halafu kiungo cha kupinda, vipande vinaunganishwa humohumo ndani. Injini iwe imepoa kabisa. Hedi, kifuniko cha silinda ambamo plagi inakaa, ni aluminiamu. Plagi ikitolewa kwa nguvu ikiwa moto, inaondoka na nyuzi za tundu lake.

Kurudisha ndiko kunakoharibu watu. Plagi mpya inavishwa kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa kwa vidole, maana ikianza kupinda mpira unateleza wenyewe na unajua usiendelee. Mwisho inakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, takriban Nm 21. Aliyeizoea Corolla anaanza moja kwa moja na racheti, nyuzi zinakatana, na hedi inatakiwa kuchimbwa na kuwekewa nyuzi mpya. Ili chenga za kuchimba zisiingie silinda, mara nyingi hapo tunashusha injini. Plagi nne zimegeuka kazi ya siku mbili.

Na plagi zikitoka haziendi kwenye ndoo. Zinapangwa kwenye kitambaa kwa namba: 1 na 3 za kulia, 2 na 4 za kushoto. Tunazisoma. Ya namba 4 ikiwa na vidoadoa vya kung'aa kwenye kauri nyeupe, kama pilipili manga iliyomwagwa kwenye sahani, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Injini imekuwa ikigonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Mwenye gari alikuja kwa sababu ya misi tu, silinda isiyowaka sawasawa, akidhani ni koili, na tayari ameshanunua koili mbili za mtumba. Dakika kumi za kuziangalia plagi ni sehemu ya ile saa moja na nusu.

Oili nayo. Watu wanacheka tukiuliza, "Umemwaga oili ya wapi?" lakini tunauliza kwa sababu. Chini ya Subaru kuna zaidi ya nati moja ya kumwagia. Ya injini iko mbele, kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na inafunguka kwa spana ya 17. Nyuma kidogo kuna ya gia boksi, na kwenye gia boksi ya otomatiki kuna na ya difu ya mbele, gia zinazogawa nguvu kwa matairi, ambayo ina oili yake na dipstiki yake. Mtu anafungua isiyo yenyewe, anaona oili inatoka, anaridhika, anafunga. Kisha anamimina lita nne juu ya injini ambayo haijapungua hata tone. Injini hii inachukua lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta. Sasa ina 8 au zaidi. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaichapa oili mpaka inakuwa povu, na povu halibebi beringi. Sehemu yake inasukumwa kwenye bomba la kupumulia mpaka turbo, gari linatoa moshi mweupe mpaka jirani anakuja na ndoo ya maji. Upande wa pili, gia boksi ya manyuo iliyobeba lita 3.5 inakwenda kavu, na difu ya mbele imo humohumo.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya kumimina, vuta dipstiki ya injini: ikiwa bado imejaa, simama. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Ya otomatiki ni nyekundu. Ya manyuo inanuka kama yai viza. Na ile washa, pete ya kuzibia chini ya nati ya kumwagia, ibadilishwe kila mara. Inauzwa bei ya kashata.

Tufike kwenye mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki na kemushafti zinazofungua vali, maana hapa ndipo tunapolaumiwa zaidi kuhusu bei na ndipo tusipopunguza hata shilingi.

Kwa gari la Japan mkanda unahesabiwa kilomita 100,000. Dashibodi ya gari la mtumba inasema lolote, kwa hiyo kama hakuna stika ya Kijapani chini ya boneti yenye tarehe na kilomita, tunauhesabu umekwisha. Kwenye injini hizi za turbo zenye kemushafti nne, mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, vali zinakutana na pistoni. Hakuna bahati hapo. Tukifungua hedi tunakuta vali zimepinda.

Anayefanya mwenyewe huangushwa na alama. Puli ya krenki ina mshale, unaonekana wazi, umekaa kama umeandikiwa wewe. Siyo huo. Alama ya mkanda ni kijistari kilicho kwenye sahani ya meno ya sensa, nyuma ya puli, kinachotakiwa kulingana na kijistari cha kwenye bloku. Kwenye puli za kemushafti ni vilevile: mishale ina kazi nyingine, mkanda unafuata vijistari. Alama zikikaa sawasawa pistoni zote zinakuwa katikati ya safari yake, mbali na vali. Ukifuata mishale umefunga injini nje ya taimingi, na ukipiga stata ndiyo umeshapinda vali.

La pili ni kemushafti za kushoto. Zinakaa chini ya mgandamizo wa springi za vali, na mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe. Zikizungushwa ovyo kuzirudisha, vali za kuingiza na za kutolea zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe bila pistoni kuhusika. Kuna kifaa cha kuzishikilia. Kamba na bisibisi siyo kifaa hicho.

La tatu ni tenshena, kile kinachokaza mkanda. Ni ya oili, na kuirudisha ndani inabanwa taratibu kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, angalau dakika tatu, ndipo pini inaingia. Mwenye haraka anaibana kwa sekunde ishirini, sili ya ndani inapasuka, haionekani kwa nje. Mkanda unalegea baada ya muda, unaanza sauti ya kugongagonga asubuhi injini ikiwa baridi, mwenye gari anasema ni tapeti.

Ndiyo maana tunatoza seti nzima: mkanda, tenshena, puli za kuongozea zote pamoja na ile ya meno, na pampu ya maji, kwa kuwa pampu inazungushwa na mkanda huohuo. "Nibadilishie mkanda tu" ni ombi tunalolikataa. Beringi ya puli ya zamani ikijam, mkanda mpya unakatika kama wa zamani. Ukinunua injini ya mtumba iliyokuja na kontena, mkanda wake tunautupa kabla injini haijaingia kwenye gari, hata ukionekana mpya.

Gari likianza kuchemsha, ushauri wa kijiweni ni mmoja: toa themostati. Limetolewa themostati, mshale wa joto unashuka, watu wanapeana mikono. Ila themostati ya injini hii, inayoanza kufunguka kwenye nyuzi joto 76 hadi 80, haikuwekwa kuzuia maji kwa ukorofi. Bila yenyewe injini inachelewa kufika joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, petroli inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi. Kilichokuwa kinachemsha bado kipo: rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya kisima, feni isiyowaka, au gasketi ya hedi inayosukuma gesi kwenye maji. Siku ya foleni ya Ubungo kitarudi. Mara nyingine shida ni hewa tu. Maji yamejazwa kwa pupa, hewa imebaki juu. Kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya rejeta. Ifunguliwe, ujaze polepole mpaka maji yatoke pale bila mapovu, ufunge, washa gari na hita ikiwa kwenye moto, subiri feni iwake na kuzima, acha lipoe, ongeza. Hii unaweza kufanya nyumbani, na hatutakusema.

Upande wa mbwembwe, tunajua ile sauti ya "pssshh" ndiyo iliyomleta mtu kwenye WRX, ile Impreza ya turbo. Lakini injini hii inapima hewa mlangoni, kwa sensa iliyo baada tu ya filta. Hewa ikishapimwa, petroli yake imeshapangwa. Ukiachia mafuta, vali ya kiwandani ya kupunguza presha ya turbo inairudisha hewa hiyo kwenye bomba. Ile ya kupiga kelele inaitupa nje, petroli inabaki bila hewa yake, kila ukibadilisha gia injini inajaa, plagi zinakuwa nyeusi. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni filta ya wazi yenye bomba la kipenyo tofauti. Sensa imesanifiwa kwa bomba lake. Ukibadilisha upana bila kupanga upya kompyuta, hesabu inakuwa pungufu, petroli inakuwa kidogo, injini inagonga. Ongeza kwamba magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japan ya daraja la juu, ambayo chini kabisa ni oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili kugonga), kisha mtu akaongeza na presha ya turbo kwa vali ya mkono. Kwenye injini za lita 2.5 kinachovunjika ni ukuta mwembamba wa pistoni unaoshika ringi, mara nyingi silinda ya 4. Filta ile ilinunuliwa kwa bei ya jeans.

Turbo iliyokufa haibadilishwi kwa turbo tu. Kwenye Forester na Impreza nyingi za 2.5, bolti ya mrija wa oili ina chujio dogo la wavu ndani yake. Likiziba kwa oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inakosa oili. Anayefunga ya mtumba bila kugusa bolti hiyo anarudi na turbo ya pili imekwama. Tunatoa bolti, tunakagua mrija, tunaweka washa mpya pande zote mbili za bolti, tunafungua intakula, kipozea hewa ya turbo, kuosha vipande vya chuma, tunashusha sampu kama kuna dalili vilipita, tunajaza oili ndani ya turbo kwa mkono, na stata inapigwa injini ikiwa haijaruhusiwa kuwaka mpaka taa ya oili izime. Turbo yenyewe ni bolti tatu na gasketi. Muda wote unakwenda huko kwingine.

Matairi na rimu, kwa kifupi lakini kwa uzito. Subaru inaendesha miguu yote minne muda wote, na kitabu chake kinataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kashata za tairi, yaani meno yake, zikipishana kina kwa milimita 1, mzunguko umeshapishana milimita 6.3. Kwa hiyo matairi mawili mapya mbele na mawili nusu kipara nyuma yanaiweka difu ya kati kazini barabarani moja kwa moja, hata kwenye mstari ulionyooka. Dalili ni gari kukaba ukikata kona nyembamba kwenye maegesho. Difu hiyo imo ndani ya gia boksi.

Rimu za Premio au Allion za mwaka 2001 na kuendelea zina matundu matano kwenye duara la milimita 100 kama Impreza nyingi, na hapo ndipo mtego ulipo. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1, haubu ya Subaru ni 56.1. Haziingii, zinapelekwa kwa mkerezaji, zinachongwa kwa jicho, gari linatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa. Nati za Toyota zina nyuzi za hatua ya milimita 1.5, stadi za Subaru, bolti zinazoshika rimu, ni 1.25. Nati inaingia mizunguko miwili, inagoma, mtu anapanda juu ya spana. Stadi tano mpya kwa kila tairi.

Spea yako tunaipokea, mpya au ya mtumba ya Dubai, ila dhamana yetu inabaki kwenye ufundi. Gari lililokwisha kufunguliwa linalipiwa ukaguzi kwanza, maana hatuwezi kujua kilichokazwa na kisichokazwa bila kukipitia kimoja kimoja, na saa hizo zinaonekana kwenye bili kama zilivyo. Ukija, njoo na lile kopo la bolti zilizobaki. Usitupe hata moja, na usijaribu kukumbuka zilikotoka. Tutazijua kwa urefu.